Rivolva ya .44 kwa safari za kuvua Alaska: mtutu wa inchi ngapi?

Swali: “Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Anchorage, Alaska, na nina grini kadi. Kila kiangazi tunakwenda kuvua samoni kwenye rasi ya Kenai, na dubu huko ni wa kawaida. Nimeamua kununua rivolva ya .44 Magnum. Dukani nimeonyeshwa yenye mtutu wa inchi 2.5, ya 4, ya 6 na ya 7.5. Muuzaji anasema ndefu ndiyo yenye nguvu na shabaha. Rafiki yangu anasema fupi ndiyo inayochomoka haraka. Natamani pia siku moja niwinde nayo. Mwili wangu si mkubwa, na mke wangu naye anataka kujifunza. Nichukue ipi?”

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Chukua ya inchi 4. Ukikuta Redhawk, rivolva ya kampuni ya Ruger, imeandikwa 4.2, hiyo ni ile ile kwa shughuli yako. Ya 7.5 iache dukani mpaka siku utakapoamua kweli kwamba unataka kuwinda kwa bastola. Ya 2.5 ina wateja wake, lakini kwa maelezo uliyonipa, wewe na mkeo hammo.

Muuzaji hajakudanganya, ila amekujibu swali ambalo hukumuuliza. Yeye anazungumzia kinachotokea risasi ikishatoka. Wewe shida yako inaanza mapema zaidi: bastola iko wapi mwilini mwako wakati umesimama kwenye maji ya magotini, mkono mmoja una fimbo ya kuvulia na mwingine una samaki anayerukaruka? Urefu wa mtutu unaamuliwa hapo.

Hata hivyo tuanze na hoja yake, maana ina ukweli.

Kwanza ujue hizo inchi zinapimwaje. Kwenye rivolva, mtutu hupimwa kuanzia pale unapopakana na silinda hadi mdomoni. Silinda, ambamo risasi inakaa, haihesabiwi. Bastola za magazini hupimwa tofauti: chumba cha risasi kimo ndani ya kipimo. Ndiyo maana rivolva ya inchi 4 ukiiweka mezani kando ya bastola ya magazini ya inchi 4, rivolva inaonekana kaka mkubwa. Kama umezoea bastola ya polisi au ya mlinzi, usichukue namba yake ukaitumia huku.

Sasa nguvu. Baruti ya risasi ya .44 Magnum ni nyingi na huwaka polepole, kwa hiyo mtutu ukirefuka gesi inapata muda zaidi wa kuisukuma risasi. Risasi ya kawaida kabisa ya Remington, yenye kichwa cha greni 240, yaani kama gramu 15.5, imeandikwa katika orodha ya kiwanda futi 1,180 kwa sekunde kutoka mtutu wa majaribio wa inchi 4. Risasi hiyo hiyo ikipigwa kwa bunduki ndefu ya inchi 20 inafika futi 1,760. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini imeletwa na inchi 16. Ukitoka 4 kwenda 6, unaongeza kati ya futi 60 na 100 hivi, kutegemea risasi na bastola yenyewe. Na nasema bastola yenyewe kwa makusudi, kwa sababu rivolva mbili za urefu uleule, za kiwanda kilekile, zinaweza kupishana futi 50 bila yoyote kuwa mbovu. Kati ya silinda na mtutu kuna uwazi mdogo, kwa kawaida milimita 0.1 hadi 0.2, na gesi huvujia hapo. Yenye uwazi mwembamba zaidi inashinda. (Hapo hapo ndipo vidole hukatikia. Usiweke kidole mbele ya silinda hata siku moja, hata kama umezoea kushika bunduki ndefu kwa mkono wa mbele.)

Kwa dubu wa kahawia, aina ya risasi ni muhimu kuliko inchi mbili za mtutu. Watu wa Alaska hubeba risasi yenye kichwa kigumu, kizito, butu mbele, kama greni 300, ambayo haipanuki bali inapenya. Mtu mwenye inchi 4 na risasi ya namna hiyo amejiandaa vizuri kuliko mwenye inchi 7.5 aliyejaza risasi laini za kupanuka. Ukishachagua risasi, rekebisha kilengeo cha nyuma kwa risasi hiyo, kwa kuwa kichwa kizito kwa kawaida hupiga juu kidogo ya kile chepesi.

Hoja ya shabaha nayo inahitaji kutazamwa kwa karibu. Mtutu mrefu haufanyi risasi iende sawasawa zaidi. Ukiifunga rivolva kwenye mashine, ya inchi 4 na ya 7.5 zinaweza kutoboa matundu yaliyosongamana sawa. Kinachobadilika ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kwenye rivolva ya inchi 4 umbali huo ni kama sentimita 14 hadi 15. Kwenye ya 7.5 ni kama 24. Sasa tuseme mkono wako umetetemeka, kilengeo cha mbele kikasogea milimita moja tu kutoka kinapotakiwa. Kwenye shabaha iliyo mita 25, ya inchi 4 itakosea kama sentimita 17, na ile ndefu itakosea kama 10. Kwa mwindaji anayelenga moyo wa kulungu hiyo ni tofauti kubwa mno. Lakini isogeze shabaha mpaka mita 7. Kosa lilelile linakuwa sentimita 5 kwa fupi na 3 kwa ndefu, yaani upana wa kidole. Na dubu anayekushambulia humpigi akiwa mita 25. Kwanza huna uhakika kama anashambulia au anatishia, kwa kuwa wengi hukimbia kuja halafu wakakata kona. Pili, kisheria na kiubinadamu huna sababu ya kumpiga mnyama aliye mbali anayekutazama tu.

Dubu wa kahawia hukimbia hadi kilomita 55 kwa saa, yaani kama mita 15 kila sekunde. Akitokea kwenye vichaka mita 30 kutoka ulipo, una sekunde mbili. Ndani ya hizo mbili unatakiwa ushtuke, utupe fimbo, mkono ufike kwenye mpini, bastola itoke yote kwenye ala, mdomo ugeuke mbele. Hapo ndipo kila inchi ya mtutu unailipia.

Wewe unavua, kwa hiyo utakuwa umevaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani. Ukifunga bastola kiunoni ndani yake, huifikii. Ukiifunga nje kiunoni, inazama kila ukiingia maji ya mapajani, na mkanda wa kuzuia maji unaigombania nafasi. Ndiyo maana wavuvi wa huko karibu wote hubeba kifuani, kwenye ala yenye mikanda ya mabegani, mpini ukiwa upande wa mkono wa kufyatulia na mtutu ukilala kwa mshazari kuelekea chini upande wa pili. Mtutu wa inchi 4 unalala hapo bila kukusumbua. Wa inchi 6 unavumilika kwa mtu mrefu. Wa 7.5 kwa mtu wa mwili mdogo unafika kwenye ubavu wa pili. Kila ukiinama kumnasa samaki kwa wavu mdomo unakuchoma, na kila ukirusha mshipi kiwiko kinagonga. Siku ya kwanza utavumilia, siku ya pili utaivua uiweke juu ya mkoba ukingoni mwa mto, na hapo hata ingekuwa mzinga haikusaidii.

Jaribu hili dukani kabla hujalipa. Mwombe muuzaji ala ya kifuani na bastola tupu, mhakikishe wote wawili kwamba silinda haina kitu, kisha uichomoe mara kadhaa polepole ukiwa umesimama, halafu ukiwa umepiga goti, halafu ukiwa umeketi. Angalia kiwiko. Kwa mtutu wa 4, mdomo unaachana na ala mkono ukiwa bado karibu na kifua. Kwa 7.5, itabidi kiwiko kipande juu kupita bega ndipo mdomo uachane na ala. Ukiketi ndani ya boti tofauti inaongezeka. Duka lenye adabu halitakukatalia. Likikataa, tafuta jingine.

Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho aliyepigania miaka mingi kuwa na risasi ya .44 yenye nguvu kubwa mpaka Remington na Smith & Wesson wakaitoa mwishoni mwa 1955, aliipenda sana mitutu mirefu kwa kulenga mbali. Lakini ile aliyotembea nayo kiunoni kila siku ilikuwa Smith & Wesson ya inchi 4. Mtu aliyeitaka nguvu kuliko wote hakuona shida kuacha inchi mbili nyumbani.

Kwa mantiki hiyo, mbona basi tusishuke mpaka 2.5, kama rafiki yako anavyosema? Kampuni ya Ruger inayo moja ya urefu huo, inaitwa kabisa Alaskan, ilitoka mwaka 2005, na ni chuma imara. Inafaa kwa rubani wa ndege ndogo au mtu anayefanya kazi siku nzima ndani ya koti. Hasara zake ni hizi. Kasi inashuka kwa namna inayoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya baruti inamalizia kuungua nje. Baruti hiyo inayoungua nje ndiyo inayokupiga usoni: mwanga mkubwa, na mlipuko ulio karibu zaidi na masikio yako. Bastola ya .44 Magnum ya urefu wowote hupita desibeli 160, wakati 140 tu zinatosha kuharibu usikivu, fupi inazidisha. Halafu uzito wa mbele haupo, kwa hiyo mdomo unaruka juu na kurudi kwenye shabaha kunachelewa. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo njia ya kujifunza kufumba macho kabla ya kufyatua, tabia ambayo ikishaingia huchukua muda mrefu kuitoa. Na mwisho, wewe unabeba kifuani. Pale kifuani, kutoka 2.5 mpaka 4 hupati nafuu yoyote.

Hili la teke la bastola linahitaji maneno zaidi, kwa sababu umesema mwili wako si mkubwa. Mwili si tatizo. Tatizo ni uzito wa bastola na umbo la mpini. Rivolva ya chuma ya inchi 4 huwa na kilo 1.2 hadi 1.35. Ukienda 7.5 unafika kilo 1.5. Kila gramu inapunguza teke, na gramu zilizo mbele zinauzuia mdomo usiruke. Hapo mtutu mrefu una haki yake, na ukiwa uwanja wa shabaha utauhisi utamu wake mara moja. Ndiyo maana watu hununua ndefu: wamejaribu uwanjani, hawakujaribu mtoni.

Ila jihadhari na mtego wa upande wa pili. Utaonyeshwa rivolva ya Smith & Wesson ya inchi 4 iliyotengenezwa kwa skandiamu na titaniamu, ina gramu kama 700 tu. Mkononi ni tamu, unaweza kusahau kwamba umeibeba. Ukiijaza risasi za dubu, itakuumiza kiganja mpaka uiogope. Na kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji: kwenye bastola nyepesi namna hiyo, kila unapofyatua, vichwa vya risasi zilizobaki huvutwa nje kidogo kidogo ya maganda yake. Kimoja kikitokeza mbele ya silinda, silinda inakwama. Ukishajua risasi utakayobeba, jaza silinda yote, piga zote isipokuwa moja, kisha toa hiyo iliyobaki uipime urefu dhidi ya mpya. Ikiwa imerefuka, badilisha risasi. Fanya hivyo hata kwa bastola ya chuma.

Mkeo, na wewe pia, msianze na Magnum kabisa. Bastola ya .44 Magnum inakula risasi ya .44 Special, ambayo ni ya zamani zaidi, ya 1907, fupi kidogo, na teke lake ni la kistaarabu. Fundisheni mikono kwa hizo. Kazi moja tu: zikishapigwa nyingi zinaacha pete ya masizi ndani ya silinda, na risasi ndefu ya Magnum itakuja kugoma kuingia. Brashi ya shaba na mafuta, mwisho wa kila mazoezi. Na masikio mfunike mara mbili, vile vizibo vya ndani pamoja na vifuniko vya nje.

Umeuliza kuhusu kuwinda. Ndoto hiyo ni nzuri, lakini usiinunulie bastola ya leo. Anayewinda kwa rivolva hupiga akiwa ametulia, ameegemea kitu, mara nyingi ameweka darubini juu, na hapo 7.5 ya Super Redhawk, rivolva nyingine ya Ruger, ina nafasi yake. Imetengenezwa na vishikio vya darubini tayari. Ukishaweka darubini, ile hesabu ya umbali wa vilengeo inakufa, inabaki kasi na uzito tu. Na kama siku moja utahama Alaska, baadhi ya majimbo yanaweka urefu wa chini wa mtutu kwa anayewinda kulungu kwa bastola: Ohio wanataka inchi 5, Illinois na Iowa wanataka 4. Kanuni hizi hutolewa upya kila msimu, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huo cha jimbo lako kabla ya kukata leseni. Mtu anayetaka moja tu ifanye yote mawili, mimi humwambia achukue 5.5 ya Redhawk, na ajue kwamba amenunua mapatano: mtoni itamchosha kidogo, porini itampungukia kidogo. Kwako wewe, ambaye mto ni kila kiangazi na uwindaji ni “siku moja”, sioni sababu.

Ya 6 nimeipita haraka kwa kuwa haina kosa lolote isipokuwa hilo la kifuani. Zile za inchi 8 na zaidi, pamoja na lile dude la Smith & Wesson la .500 lililotoka 2003, lenye uzito wa kilo mbili, ni za kupigia picha na za wachache wanaojua wanachokifanya.

Upande wa sheria. Kwa grini kadi unaruhusiwa kununua. Duka litakujazisha fomu ya serikali kuu na kukuchunguza, uwe umetimiza miaka 21, na bastola uinunue katika jimbo unaloishi. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi bila kuwa na sababu mahususi ya kisheria, kwa hiyo usimnunulie ndugu yeyote kwa jina lako. Hilo ni kosa la jinai la serikali kuu. Usithubutu kusafiri nayo kwa gari kupitia Kanada kwenda majimbo ya kusini. Kanada, mtutu wa milimita 105 au chini yake, na wako wa inchi 4 umo humo, uko kwenye kundi la marufuku kabisa, na tangu Oktoba 2022 watu wa kawaida wamefungiwa kununua, kuuza na kuingiza bastola za urefu wowote. Kwa ndege ndani ya Marekani inawezekana: bila risasi ndani, kwenye sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, unatangaza kaunta, inakwenda na mizigo.

Na nunua pia pilipili ya kupulizia dubu, uivae kifuani au kiunoni kila siku. Utafiti wa matukio ya Alaska uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta ilimsimamisha dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya visa, na haihitaji kulenga kitu chenye ukubwa wa chungwa huku moyo ukidunda. Hiyo haipandi ndege ya abiria, hata kwenye mizigo. Ikitokea ukamuua dubu kwa kujitetea, kazi haijaisha: sheria ya Alaska inakutaka umchune, ngozi ikiwa na kucha zake pamoja na fuvu uvikabidhi kwa jimbo, na ujaze ripoti.

Ukiona bei ya mpya inakuzidi, iliyotumika si aibu. Hakikisha kwanza haina risasi. Ingiza kipande chembamba cha kupimia kati ya silinda na mtutu. Ukikuta uwazi unazidi milimita 0.25, achana nayo. Vuta nyundo polepole na uangalie kila chumba kinajifunga sawasawa kabla nyundo haijasimama. Mulika taa pale mtutu unapoanzia, uone kama chuma kimeliwa au kina ufa. Halafu mpeleke mkeo, akodi ya inchi 4 hapo kwenye uwanja wa duka na kasha la .44 Special, apige kabla hujatoa hela. Mpini ukiwa mnene kwa kiganja chake, mipini ya mpira hubadilishwa kwa bisibisi moja.